Kila mwisho wa mwezi petroli ya Kusini huenda wapi?

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi kwenye ukurasa wako tuzungumzie foleni za mafuta katika mikoa ya Mtwara na Lindi, na hasa lawama zinazofuata kila foleni inapotokea. Lawama hizo humwangukia anayeonekana, na anayeonekana siku zote ni kijana wa bodaboda aliyefunga dumu la njano la lita 20 kwenye keria. Anapigwa picha, picha inazunguka kwenye makundi ya WhatsApp kuanzia Masasi hadi Kilwa Masoko, na jua linapozama yeye ndiye aliyemaliza mafuta ya mji mzima.

Sisi kazi yetu ni mafuta: kupokea mzigo, kupima matangi, kusoma namba za pampu. Kwa tunavyoijua kazi hii, kijana huyo ni mtu wa mwisho kwenye mnyororo mrefu. Hofu yake imeanzia mbali naye, na kwa sehemu kubwa imeanzia kwenye kalenda.

Bei mpya za mafuta za EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, hutoka Jumatano ya kwanza ya kila mwezi na huanza kutumika saa 6:01 usiku wa kuamkia siku hiyo. Kila mwenye kituo anaijua tarehe hiyo tangu mwaka unaanza. Sasa kaa kwenye kiti chake siku tano au sita kabla. Dalili zikionyesha bei itapanda, kila lita anayouza leo ni faida anayoiachia, hivyo mkono unakuwa mzito kufungua pampu. Dalili zikionyesha bei itashuka, kila lita itakayolala kwenye tangi usiku ule itamtia hasara, maana kainunua kwa bei ya juu na ataiuza kwa bei ya chini. Kwa hiyo haagizi mzigo, anauza kilichopo hadi kiishe. Ipande, ishuke, wiki ya mwisho wa mwezi inakuta matangi mengi ama matupu ama yamefungwa. Mnunuzi yeye anaona kitu kimoja tu: kibao cha "hakuna mafuta".

Chukueni namba ambazo kila mtu alizisoma magazetini. Julai 2023 bei kikomo ya petroli, yaani ya juu kabisa inayoruhusiwa, kwa Dar es Salaam ilikuwa Sh 2,736 kwa lita. Jumatano ya tarehe 2 Agosti ikawa Sh 3,199. Tofauti ni Sh 463 kwa lita, kwa usiku mmoja. Mwenye shehena ya lori moja, tuseme lita 35,000, akifunga pampu Jumatatu na kufungua Jumatano asubuhi kwa tofauti kama hiyo, anaamka na Sh 16,205,000 ambazo hakuzitolea jasho. Mwaka huohuo EWURA ilivifungia baadhi ya vituo kwa miezi sita kwa kosa la kuhodhi, na ilistahili. Shida ni kwamba adhabu hufika baada ya foleni. Mkaguzi akichelewa siku mbili, ushahidi umeshauzwa kwa bei mpya na risiti zake ni halali kabisa.

Kwenye korosho biashara ya namna hii tuna jina lake, kangomba. Mtu anamfuata mkulima mwenye shida, ananunua nje ya mnada kwa bei ya kutupa, anaficha gunia, anasubiri. Kufunga pampu ili kuisubiri Jumatano ni kangomba ya petroli. Ile ya korosho tumeilaani kwenye kila mkutano wa AMCOS, vyama vyetu vya ushirika wa mazao. Hii tunaizunguka na kumkamata mwenye dumu.

Tuingie ndani ya tangi kidogo, maana huko ndiko ukweli uliko. Mhudumu akikuambia mafuta yameisha, anaweza kuwa mkweli ilhali tangi bado lina mafuta, na anaweza kuwa mwongo usiwe na njia ya kumbaini. Tangi la ardhini ni kama pipa kubwa lililolazwa. Chukua la lita 20,000 lenye kipenyo cha mita 2.4. Bomba la kuvutia haliteremshwi hadi chini. Huachwa juu kidogo makusudi lisinyonye maji na tope vinavyotuama. Tuseme limeachwa sentimita 15. Kwa kuwa tangi ni la mviringo, sentimita hizo 15 za chini zinabeba kiasi cha lita 520 tu, wakati sentimita 15 za katikati zinabeba karibu lita 1,600. Basi fimbo ya kupimia ikisoma sentimita 15, anayesema "yameisha" amesema kweli, na ukimlazimisha akuuzie utaondoka na maji na kutu, kesho fundi akufungulie kabureta. Lakini fimbo ikisoma sentimita 60, mle ndani mna karibu lita 3,900, na zaidi ya lita 3,300 kati ya hizo zinauzika. Kituo chenye sentimita 60 kwenye fimbo na kibao cha "hakuna mafuta" getini kinahodhi, hakuna neno jingine. Kwa ile tofauti ya Agosti 2023, hizo lita 3,300 ni zaidi ya Sh milioni 1.5.

Kupima kwenyewe hakuhitaji mtaalamu kutoka mbali. Pampu zisimame kwanza. Fimbo ifutwe hadi ikauke, sehemu ya chini ipakwe dawa inayobadilika rangi ikigusa maji, kisha iteremshwe wima taratibu hadi iguse chini. Ukiidondosha mafuta yanaruka juu ya alama na unasoma uongo. Ikitolewa isomwe papo hapo, kwa sababu petroli hukauka mbele ya macho yako. Wanaojua hupaka dawa ya petroli au chaki pale wanapotarajia alama itaangukia. Namba ya sentimita inapelekwa kwenye jedwali la tangi hilohilo, si la tangi la jirani, na kugeuzwa kuwa lita. Halafu ndipo hesabu inapokuja: yaliyokuwepo asubuhi, jumlisha mzigo ulioshushwa kwa mujibu wa hati ya lori, toa lita zilizopita kwenye pampu kwa namba za jumla ambazo hazirudi nyuma. Jibu likipishana na fimbo kupita kiasi cha kawaida cha mvuke, kuna lita zimetoka kwa mlango mwingine. Namba za pampu zikizidi lita zilizo kwenye risiti za mashine, kuna lita zimeuzwa gizani. Vitu hivyo vitatu, fimbo, hati ya lori na risiti, vikiwekwa meza moja, hakuna mwenye kituo wa kukudanganya.

Kuna ukimya wa pampu ambao si uhodhi, na haki inataka tuuseme. Lori likishaingia kituoni watu hushangilia, kisha hukasirika wakiona pampu zimezimwa. Wanadhani wanafanyiwa ujanja. Wakati wa kushusha, mvuke wa petroli unatoka kwa wingi kwenye bomba la kupumulia la tangi na kutambaa chini, kwa kuwa ni mzito kuliko hewa. Pikipiki 60 zenye injini za moto zikiwa pale zinangoja cheche moja. Lori linafungwa waya wa ardhi ili umeme tuli uondoke, mafuta yanashuka kwa uzito wake chemba moja baada ya nyingine, na lori zima linaweza kuchukua saa nzima au zaidi. Likimaliza, tangi linaachwa litulie kabla ya kuanza kuuza, maana mafuta yanayoingia kwa kasi hutibua maji na tope la chini, na tangi lililokuwa limekauka ndilo lenye tope jingi. Kwa hiyo lori likifika saa 4 asubuhi, kuuziwa saa 6 mchana ni kawaida. Wahudumu wengi wametukanwa kwa kufanya kazi yao sawasawa, na wasimamizi wao hawakuweka hata karatasi ukutani kueleza.

Sasa turudi kwa kijana wa bodaboda. Pikipiki yake inabeba lita 10 hadi 12, lakini siku za kawaida hajazi. Ananunua lita 2 asubuhi, 3 mchana, kadiri abiria wanavyompa hela. Analala na lita 2 kwenye tangi. Tuchukue mji wenye bodaboda 1,000, kila moja ikichoma lita 6 kwa siku. Mahitaji ya mji ni lita 6,000. Siku uvumi unapoingia, kila mmoja anataka kulala na tangi lililojaa: ongeza lita 9 kwa kila pikipiki, ni 9,000. Nusu yao waongeze kidumu cha lita 5 kila mmoja, ni 2,500. Mauzo ya siku hiyo yanakuwa lita 17,500, karibu mara tatu, na haijachomwa hata lita moja ya ziada. Mafuta yamehama tu kutoka tangi la ardhini kwenda kwenye matangi 1,000 ya pikipiki. Kituo kilichojipanga kwa siku tatu kinakauka siku ya kwanza. Anayepita jioni anaona kibao, anapiga simu Ndanda, na Ndanda nao wanapanga foleni.

Hiyo ndiyo sababu kila mmoja kwenye foleni anafanya jambo lenye akili kwake na wote pamoja wanaumia. Wahenga walisema lisemwalo lipo, kama halipo linakuja; kwenye petroli kulisema ndiko kunakolileta. Uingereza, Septemba 2021, kilichopungua ni madereva wa malori. BP iliposema italazimika kufunga vituo vichache, ndani ya siku chache foleni zikatanda, na mapema Oktoba wanajeshi wakaingizwa kuendesha malori ya mafuta. Mafuta kwenye maghala yalikuwepo muda wote. Kama nchi yenye vituo maelfu ilifika hapo, Nanyumbu wasichekwe.

Ila huku kwetu hofu ina msingi ambao wa Dar es Salaam hawana, na hapa ndipo tunapowalaumu wanaotoa matangazo. Mafuta ya Mtwara, Lindi na Ruvuma yanapangiwa kupitia Bandari ya Mtwara chini ya mfumo wa uagizaji wa pamoja. Ndiyo maana EWURA hutoa bei kwa bandari tatu: Dar es Salaam, Tanga na Mtwara. Mwezi ambao meli haikuleta mzigo Mtwara na maghala yake yakakauka, bei zetu hukokotolewa kwa mafuta ya Dar es Salaam, na malori yetu hulazimika kuyafuata huko. Kutoka maghala ya Mtwara hadi Masasi ni kama kilomita 200, lori linakwenda na kurudi siku hiyohiyo. Kutoka Dar es Salaam hadi Mtwara ni kama kilomita 560 kwa upande mmoja, na ukiongeza zamu ya kupakia, lori lililokuwa likileta mzigo kila siku sasa linaleta mara moja kwa siku tatu au nne. Idadi ya malori ni ileile, mafuta nchini ni yaleyale, lakini yanayofika Masasi kwa siku yamebaki theluthi au robo. Msemaji akisimama siku hiyo akasema nchi ina akiba ya kutosha, amesema kweli, na mtu wa Nachingwea aliyekuta vituo vitatu vimefungwa anasadiki kwamba anadanganywa.

Halafu barabara yenyewe. Mwanzoni mwa Mei 2024 mvua za Kimbunga Hidaya zilikata barabara kuu ya Dar es Salaam na Lindi upande wa Kilwa, pale Somanga na maeneo ya jirani, na Kusini ikabaki kama kisiwa kwa siku kadhaa. Siku kama hizo tani za mafuta zilizopo kwenye maghala ya Kigamboni, Dar es Salaam, hazimsaidii mtu wa Mingoyo. Kinachomsaidia ni lita zilizomo kwenye maghala ya Mtwara na kwenye matangi ya vituo vya wilaya yake. Hiyo ndiyo namba tunayoitaka itangazwe, kwa mkoa na kwa wilaya: petroli lita kadhaa, dizeli lita kadhaa, kwa matumizi ya kawaida ni siku kadhaa, meli inayofuata Mtwara inatarajiwa tarehe fulani. Neno "ya kutosha" liachwe. Halina kipimo, na kwa masikio ya watu wa huku limeshakuwa ishara ya kukimbilia sheli.

Lawama ya dumu nayo ina upande wake. Inapotoka amri ya kutouza mafuta kwenye madumu, wanaoumia kwanza si walanguzi. Mlanguzi ana pikipiki tatu; anajaza matangi, anakwenda kufyonza nyumbani, anarudi. Anayeumia ni mkulima wa Tandahimba aliyekodi mashine ya kupulizia salfa Juni au Julai, wakati ubwiriunga, ugonjwa wa mikorosho, hausubiri foleni. Mashine ile haiwezi kusukumwa hadi sheli. Anaumia mvuvi wa Msimbati au Kilwa Kivinje mwenye injini ya boti, na zahanati inayowasha jenereta umeme ukikatika. Katazo la jumla linawasukuma wote hao kwa muuza chupa wa kijijini, ambako lita moja inauzwa kwa bei anayoitaka, na mara nyingine imepigwa mafuta ya taa.

Hiyo ya mafuta ya taa tuieleze, kwa sababu wakati wa uhaba ndipo inapozidi. Petroli iliyochanganywa hivyo inafanya injini iwe ngumu kuwaka asubuhi, inatoa moshi, inagonga ikipanda mlima na plagi zinakuwa nyeusi. Kuipima kwa haraka, dondosha matone mawili kwenye karatasi nyeupe isiyo na mistari, iweke kivulini mbali na moto. Petroli safi inakauka ndani ya dakika chache na kubakiza karibu hakuna kitu. Ikibaki doa la mafuta lisilokauka, usiitie kwenye mashine. Ila kumbuka kwamba petroli iliyokwisha kuchanganywa na oili kwa ajili ya mashine za salfa itaacha doa tu, hivyo pima kabla ya kuchanganya. Mchanganyiko wenyewe kwa mashine nyingi za aina hiyo ni sehemu 25 za petroli kwa moja ya oili, yaani mililita 200 za oili kwa lita 5 za petroli, na kitabu cha mashine kikisema vingine fuata kitabu. Ukishachanganya usiweke zaidi ya mwezi. Wapo wanaonunua madumu manne Mei kwa hofu ya Julai. Wakija kuyatumia petroli imeshaacha gundi kwenye jeti ya kabureta, na mashine inazima katikati ya shamba. Hofu imekula hela mara mbili.

Tunachopendekeza badala ya katazo ni dumu lenye mpaka: lita 20 kwa mtu, kwa barua ya serikali ya kijiji, ya AMCOS au ya kikundi cha wavuvi wa pwani hiyo, na kituo kiandike kwenye daftari namba ya barua na lita. Dumu liwe la mafuta kweli, lenye kifuniko kinachokaza. Chupa za maji na madumu ya mafuta ya kula yaliyopasuka shingo yakataliwe hata kama foleni itapiga kelele. Dumu liwekwe chini ardhini wakati wa kujazwa, si juu ya keria wala ndani ya buti, na mdomo wa pampu uguse shingo ya dumu muda wote, maana plastiki ikiwa juu ya keria au zulia la gari hukusanya umeme tuli usio na pa kwenda. Lisijazwe hadi juu. Petroli hutanuka kama asilimia 0.1 kwa kila nyuzi moja ya joto. Dumu la lita 20 lililojazwa alfajiri likaachwa juani, nyuzi 15 zikiongezeka, linahitaji nafasi ya lita 0.3 zaidi. Lisipokuwa nayo, litaitafuta kwenye kifuniko.

Na lisilale ndani ya nyumba. Mvuke wake unatambaa sakafuni, unapita chini ya mlango, unalifuata jiko la mkaa lililoko uani. Nchi hii inajua petroli inavyoua: Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, lori lilipinduka, watu wakaenda na ndoo, na waliokufa walizidi 100. Tunaumia kila tunapoona mtoto ametumwa sheli na galoni, amesimama katikati ya pikipiki zinazonguruma, kwa sababu mama kasikia bei inapanda Sh 100. Kwa dumu la lita 20 hiyo ni akiba ya Sh 2,000. Haifiki hata nauli ya kwenda hospitali ya Ligula kumtibu moto.

Wenye vituo wadogo nao tusiwaweke kapu moja na wahodhi. Anayeendesha kituo cha pampu mbili Liwale ananunua chemba moja au mbili za lori, lita 5,000 hadi 10,000, na analipa kabla mzigo haujapakiwa. Kwa bei ya Sh 3,000 kwa lita, lita 10,000 ni Sh milioni 30 taslimu. Masika yakikolea lori linakwama njiani siku mbili, na hela yake inakwama nalo. Mtu huyu kukauka mwisho wa mwezi si kosa la jinai. Hana mtaji wa kulaza mafuta. Wakala wa Nishati Vijijini umekuwa ukikopesha wanaojenga vituo vidogo vijijini. Mikopo hiyo ingefika pia kwenye mafuta ya kuanzia, si kwenye zege na pampu peke yake, vituo hivyo vingeweza kubakiza akiba ya siku tano na foleni za wilaya za ndani zingepungua kuliko kwa amri yoyote.

Mnunuzi naye ana sehemu yake. Jaza kama ulivyojaza wiki iliyopita. Kama huwa unaweka ya Sh 10,000, weka ya Sh 10,000. Ukitaka kujua bei kikomo ya wilaya yako, piga *152*00# na ufuate maelekezo, usiulize kundi la WhatsApp. Dai risiti ya mashine, uangalie jina la kituo, aina ya mafuta, tarehe, saa na bei ya lita. Ukiuziwa juu ya bei kikomo, risiti hiyo ndiyo ushahidi wako wa pekee. Kabla ya kutuma picha ya foleni kwa watu 200, angalia kama hakuna lori linaloshusha nyuma ya kituo.

Kwa EWURA na ofisi za wakuu wa wilaya ombi letu ni jepesi. Siku mbili kabla ya kila Jumatano ya kwanza, yaani Jumatatu na Jumanne, kila kituo cha Mtwara na Lindi kipimwe kwa fimbo asubuhi na jioni, namba zibandikwe getini kwa lita na zitumwe wilayani. Msimamizi wa kituo anapima hata sasa kila siku kwa hesabu zake. Kinachoongezeka ni kuibandika tu. Kituo chenye mafuta yanayouzika kisichouza kipewe saa moja kufungua pampu, na kisipofungua adhabu ianze hapohapo, kabla bei haijabadilika. Na wakaguzi wasianzie Mtwara mjini. Waanzie Liwale, Mangaka na Newala, mwisho wa njia, ambako foleni huanza mapema na mkaguzi hufika mwisho.

Ni sisi wasomaji wako,
Mtwara